Bi Pua na Maziwa Yasiyonuka

Wifi yangu alipewa jina la Bi Pua kazini, na alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkaguzi katika kituo ambako wafugaji huleta maziwa ya asubuhi. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye jukwaa la saruji, kufunua kifuniko cha kila dumu, kuinama, kuvuta pumzi moja fupi na kutoa hukumu. "Pita." Au, "Rudi." Maneno hayo mawili tu, kwa miaka kumi na tisa. Pumzi moja ilimtosha kujua kama dumu limeoshwa kwa maji baridi, kama ng'ombe amekula majani machungu, kama maziwa ya jana yamechanganywa na ya leo. Siku moja mfugaji mmoja alijaribu kumbishia.

"Mama, haya nimekamua saa kumi na moja."

"Ndiyo," akamjibu, "saa kumi na moja ya jana jioni."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule mfugaji naye akacheka, maana ilikuwa kweli, akabeba dumu lake akaondoka.

Mimi nilikuwa naosha madumu pale pale, hatua tano kutoka jukwaani. Ni yeye aliyeniombea kazi hiyo, miaka michache baada ya kuolewa na kaka yangu. Hatukuwa mawifi wa kununiana. Alinitania kwamba kaka yangu alimwoa kwa sababu nilimchosha nyumbani, nami nilimwambia tungempa na zawadi juu kama angemchukua mapema zaidi. Tulizoeana hivyo.

Siwezi kuishika siku moja nikasema balaa lilianzia hapa. Ninachokumbuka ni kwamba alianza kulalamikia chai. Chai ya kantini imekuwa maji ya moto, chai ya nyumbani vile vile. Akasema ni mafua. Baadaye asubuhi moja aliniita jukwaani kwa sauti ya chini.

"Wifi, hebu ninusie hili dumu. Mafua yamenibana."

Nikainama. Maziwa yalikuwa yameanza kuchachuka. Nikamwambia. Akanyanyua uso kwa wafugaji, akasema kwa sauti yake ile ile ya hakimu, "Rudi!"

Mafua hayo hayakuisha. Yalikwenda wiki, yakawa miezi. Tukawa na desturi yetu: akishuku dumu, anakohoa, nami najifanya nimekuja kuchukua ndoo. Nikigusa kifuniko, maziwa ni mazuri. Nikipita bila kugusa, ni mabaya. Mwanzoni nililiona jambo la kuchekesha. Kisha siku zilivyozidi kwenda nikaacha kucheka, na yeye akaacha kutaja mafua. Hatukulizungumza kabisa. Angemwambia nani? Mkaguzi asiyesikia harufu ni kama mpiga filimbi asiye na pumzi. Na mimi ningesema nini, wakati kazi yangu mwenyewe ilitoka mkononi mwake? Tulifungana kamba wenyewe, kila mmoja akashika ncha.

Alikwenda zahanati kwa siri, akapewa dawa ya kupulizia puani. Haikusaidia kitu. Akaanza kuumwa kichwa asubuhi, huku mbele, kwenye paji la uso. Halafu macho yakaanza kumsumbua. Akanunua miwani, akaitupa baada ya wiki mbili akisema fundi wa miwani ni tapeli.

Lakini kilichonitisha zaidi ni tabia. Mtu aliyekuwa mwepesi kama cheche alipoa. Alikaa kwenye kiti sebuleni na kanga yake ya kazini mpaka jioni, bila kuoga, bila kuwasha redio. Binti yao, anayefanya kazi mbali, alipiga simu akilia kwa furaha kwamba amepandishwa cheo. Mama yake akasema "Haya," akakata. Kaka yangu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Alinijia siku moja karakana ilipofungwa, akasimama mlangoni kwangu akizungusha kofia mikononi.

"Dada, nikuulize. Mwenzangu ana mtu mwingine?"

"Hana, kaka."

"Basi ana nini?"

Nilikuwa najua nusu ya jibu, na nusu hiyo nilikuwa nimeapa moyoni kuificha. Nikamwambia labda ni umri. Jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, alikuwa amesema hivyo hivyo, kwamba wanawake wakifika miaka arobaini na sita hubadilika. Kaka akaitikia kwa kichwa, akaenda zake shingo upande.

Mwaka wa tatu ulipofika, nilichukua ruhusa ya siku mbili kumwuguza mama mkwe wangu. Asubuhi ya siku ya pili, mfugaji mmoja alileta maziwa katika dumu lililowahi kubebea mafuta ya taa. Mtu yeyote mwenye pua angelisikia kabla ya kulifungua. Bi Pua alifanya yale aliyojizoesha kufanya badala ya kunusa: alitazama rangi, akapima uzito kwa kile kipimo kinachoelea, akachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye bomba la kioo kuona kama yataganda. Hayakuganda. Spiriti humfichua mwenye maziwa yaliyochachuka, haijui lolote kuhusu mafuta ya taa. Akasema, "Pita."

Dereva wa lori alipofungua kifuniko cha tangi kubwa alirudi nyuma ameziba pua. Maziwa yote ya asubuhi ile, ya wafugaji zaidi ya mia moja, yalimwagwa kwenye shimo nyuma ya kituo. Wenzangu walinisimulia kwamba wakati watu wengine wameshika vichwa, yeye alisimama ukingoni akitazama ule mto mweupe, akasema, "Si maziwa tu? Kesho ng'ombe watakuwa na mengine." Kisha akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwangusha. Kosa watu wangelisamehe. Kicheko walisema ni cha mtu aliyehongwa. Meneja akamsimamisha kazi papo hapo.

Nikawa napita kwake kila nikitoka kazini. Alasiri moja nilifungua mlango wa jikoni, nikapigwa usoni na harufu ya gesi, nzito, ya kukata koo. Yeye alikuwa amesimama mbele ya jiko, njiti ya kiberiti katika mkono mmoja na kasha katika mwingine.

"Usiwashe!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nikamrukia, nikampokonya kiberiti, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha. Yeye alinitazama tu, kama anayetazama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia.

"Mbona unahangaika hivyo?"

"Gesi, wifi! Nyumba nzima inanuka gesi!"

"Ah," akasema. "Kumbe." Akavuta kiti, akaketi. "Usimwambie kaka yako. Ukimwambia, mimi na wewe basi."

Hata kitisho hicho alikitoa bila moto wowote, kama anasoma tangazo ukutani. Nikarudi nyumbani nimebanwa. Nikisema, nimemsaliti, na mimi nimejifichua kwamba nimeshiriki udanganyifu miaka mitatu. Nisiposema, siku moja nitakuta nyumba imeruka. Nilinyamaza siku tisa. Sijivunii siku hizo.

Kilichotusukuma hospitali ni macho. Alianza kugonga fremu za milango kwa bega la kushoto, na siku moja alimwaga chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina. Kaka akamkamata mkono, akasema, "Leo tunakwenda." Akanitaka nifuatane nao.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye subira. Alimwangalia ndani ya macho kwa taa yake muda mrefu, akaandika, akaangalia tena. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu wa macho.

"Mama, harufu unasikia vizuri?"

"Mimi?" Bi Pua akatabasamu, tabasamu la kwanza kwa wiki nyingi. "Waulize watu mjini. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Basi funga macho, tujaribu."

Daktari akafungua droo, akatoa kitu, akakisogeza chini ya pua yake. Bi Pua akavuta pumzi ile ile fupi ya jukwaani. Nilimwona akifikiri. Sio kunusa, kufikiri.

"Kahawa," akasema kwa uhakika.

Mkononi mwa daktari kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia. Kaka yangu akanitazama. Daktari akachukua kitu kingine, kitunguu saumu kilichopondwa.

"Na hiki?"

"Hiyo… sabuni."

Sikuweza tena. "Daktari, hasikii," nikasema. "Hasikii kitu. Ni miaka mitatu sasa. Mimi ndiye niliyekuwa namnusia." Nikaanza kulia kama mtoto. Wifi yangu alifumbua macho, akanigeukia, nikadhani atanitukana. Alisema tu, "Umechoka, eh?"

Siku ile ile tulipelekwa kupiga picha ya kichwa, na baada ya siku mbili kipimo kikubwa cha sumaku, kile cha kuingizwa ndani ya bomba. Walimlaza, wakamfunga kichwa ndani ya kizimba cha plastiki, wakamchoma dawa ya kung'arisha picha mkononi, wakampa kipira cha kubonyeza akizidiwa. Akateleza ndani mpaka zikabaki soksi zake. Nje ya kioo tulisikia mashine ikigonga kama watu watano wanapiga mabati. Dakika arobaini. Alipotoka nikamwuliza kama aliogopa. Akasema hapana, alihesabu milio mpaka akachoka.

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzee mwenye vidole virefu, alituonyesha picha kwenye kompyuta. Katikati ya kichwa cha wifi yangu, juu tu ya pua, kulikuwa na duara jeupe, kubwa kama chungwa dogo.

"Huu unaitwa meninjioma," akasema. "Haukuota ndani ya ubongo. Umeota kwenye utando unaoufunika, halafu ukawa unausukuma ubongo kutoka nje. Kwa kawaida hukua polepole sana. Huu nadhani una miaka kumi, labda zaidi."

"Miaka kumi!" Kaka akarudia.

"Shida yake ni mahali. Uvimbe kama huu unaweza kuota popote penye utando huo. Ukiota juu kichwani, mtu huanza kuburura mguu. Ukiota nyuma ya sikio, huziba sikio. Ukiota kwenye uti wa mgongo, hulemaza miguu. Wa mama umekaa juu ya mishipa ya fahamu ya harufu. Ndiyo iliyobanwa kwanza. Kisha ukapanda ukabana sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotufanya tujali mambo. Sasa umefika kwenye mishipa ya macho."

Ile inayotufanya tujali mambo. Nilimwona kaka yangu akiyatafuna maneno hayo kimyakimya.

Daktari aliuliza mengi. Aliuliza kama kuna mtu mwingine wa ukoo mwenye uvimbe, kama aliwahi kupigwa mionzi kichwani utotoni. Akauliza kuhusu sindano ya uzazi wa mpango. Bi Pua akasema alichoma ile ya miezi mitatu kwa miaka kumi na moja. Daktari akasema haiwezi kusemwa kwamba ndiyo iliyomletea, wanawake wengi huchoma na hawapati kitu, lakini baadhi ya uvimbe wa aina hii huitikia homoni hiyo, kwa hiyo aiache kuanzia leo.

"Ni saratani?" Kaka akauliza hatimaye.

"Mara nyingi si saratani. Tunaupanga kwa madaraja matatu. La kwanza hukua taratibu, ndilo la watu wengi. La pili lina kiherehere, hurudi. La tatu ni baya, na ni la wachache. Daraja lenyewe hatulijui mpaka tuutoe, upelekwe maabara. Ungekuwa mdogo ningesema tuuangalie tu kwa picha kila mwaka. Ungekuwa wa wastani, pengine mionzi. Lakini huu, tukiuacha, mama atapoteza macho yote mawili. Lazima tufungue."

"Na pua?" Bi Pua akauliza. Ndilo swali pekee alilouliza siku ile.

Daktari hakumdanganya. "Pua haitarudi. Mishipa yake imekwisha, na mabaki yake hayatapona tukiutoa uvimbe."

"Haya," akasema wifi yangu. "Fanyeni mnavyotaka."

Akalazwa wodini kungoja zamu. Wakamwanzishia dawa ya kuzuia degedege, na vidonge vya steroidi kupunguza maji yaliyojaa kwenye ubongo kuzunguka uvimbe. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyetuonya. Siku ya nne nilimkuta ameketi kitandani, macho mekundu, ameshika mkono wa mama wa kitanda cha jirani. Mama yule naye alikuwa na meninjioma, ila ndogo kama njegere, iliyogunduliwa kwa bahati alipoanguka bafuni, na alikuwa akiitazama kwa picha mwaka wa saba. Safari hii alilazwa kwa presha tu.

"Wifi," Bi Pua akaniambia, "walimwaga maziwa ya watu mia moja."

"Ndiyo."

"Nami nikacheka."

"Ndiyo, lakini hukuwa wewe…"

"Nilikuwa mimi. Nakumbuka nilivyocheka." Akaanza kulia, na kilio hicho kilikuwa cha mwaka mzima. Dawa ilikuwa imempunguzia mgandamizo, ikamrudishia moyo wake, na hofu ikaja nao.

Kesho yake hakuwa kitandani. Wauguzi walimtafuta vyooni, mimi nikazunguka uani. Nilimkuta katika uwanja wa kufulia, amesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, amevaa gauni la wodi na viatu vyake vya kazini. Alikuwa anatafuta njia ya kutokea na hakuiona. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakuwa giza tupu, la kulia linaona katikati tu, na kila alikogeuka kulikuwa na shuka.

"Nitoe hapa," akasema. "Nataka kurudi kule nilikokuwa wiki iliyopita."

"Wapi?"

"Kule kusiko na hofu. Nilikuwa sijali kitu, wifi. Wangeniua wakati ule nisingejua. Sasa wameniamsha ndipo wanipasue?" Alishika shuka kwa mikono miwili. "Nikikataa nakuwa kipofu. Nikikubali, pua naizika kwa mkono wangu. Mlango uko wapi hapa? Nionyeshe mlango!"

Sikuwa na mlango wa kumwonyesha. Nikamkalisha kwenye beseni lililopinduliwa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hata mimi, pua yake, sikulijua. Siku ambazo sikuwa karibu, alikuwa anasoma nyuso. Mfugaji akitulia, maziwa yanapita. Akibabaika, yanarudi. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye ng'ombe mmoja, mwoga wa watu. Alitetemeka kila alipofika jukwaani. Bi Pua akamrudisha mara moja, mara mbili, mara sita. Kisha mjane akaacha kuja.

"Maziwa yake sijui yalikuwaje," akasema. "Sikuyasikia. Nilimhukumu kwa sababu alikuwa mwoga."

Kaka yangu alitukuta hapo, mfuko wa spana begani. Akakaa chini kwenye saruji mbele yake. Bi Pua akauliza, "Baba watoto, mwaka huu wote nimekufanyia nini? Niambie ukweli."

"Hukunifanyia kitu," akasema. "Ndiyo ilikuwa shida. Nilikuwa nakaa na kiti."

Kaka akacheka kidogo, na Bi Pua akacheka na machozi. Kisha akasema, "Leteni hiyo karatasi ya kukubali upasuaji." Muuguzi aliyekuwa akimtafuta akaileta, naye akaweka sahihi pale pale, juu ya paja la mumewe, mstari ukaenda upande kwa sababu hakuuona vizuri. Hakusema kwamba amekubali. Alisema, "Hakuna kwingine pa kwenda."

Walimwingiza chumba cha upasuaji asubuhi, wakamtoa alasiri imekwisha. Upasuaji ulichukua saa nane na nusu. Kaka yangu alitengeneza mabomba mawili yaliyokuwa yanavuja katika vyoo vya wageni, bila kuombwa na mtu. Daktari alipotoka alikuwa na alama za kamba za barakoa mashavuni. Alisema wamefungua mfupa wa paji la uso, wameumega uvimbe vipande vipande kutoka katikati mpaka ganda likajikunja, na wamelitoa karibu lote. Kipande kidogo kilikuwa kimenata kwenye mshipa wa damu karibu na jicho. Wamekiacha, kwa sababu kukivuta kungemwua.

Tulidhani ugumu wote umepita. Siku ya tatu, Bi Pua alihisi tone kwenye mdomo wa juu. Akalilamba. "Kuna chumvi," akasema. Muuguzi akakimbia kumwita daktari. Maji yale yanayozunguka ubongo yalikuwa yanapenya sakafu ya fuvu, yanatoka puani. Hatari yake ni wadudu kuingia kwa njia hiyo hiyo. Wakamtia mrija mwembamba mgongoni wa kuyapunguza, wakamlaza mgongo, kichwa kimeinuliwa kidogo, na amri zake: usikae, usiiname, usipenge kamasi, usikohoe, ukitaka kupiga chafya fungua mdomo. Siku sita. Hakuweza kugeuka bila muuguzi kufunga mrija kwanza. Alitazama dari ile ile, taa ile ile yenye mzoga wa nzi ndani. Kwenye bomba la sumaku hakuogopa kwa sababu uvimbe ulikuwa umemlaza hisia. Sasa alikuwa mzima wa akili, na kila saa aliihisi yote.

"Nisimulie kitu," alikuwa akiniambia.

Nami nikamsimulia. Alitaka aambiwe yale yote aliyoyafanya mwaka ule, moja moja, bila kumpunguzia. Simu ya binti yake. Gesi. Siku aliyowaacha wageni mezani akaenda kulala. Nilipofika mwisho akaomba simu. Alimpigia binti yake akamwambia, "Mwanangu, hongera kwa kile cheo." Binti akajibu kwamba ni miezi minane imepita. "Najua," akasema mama yake. "Nimechelewa. Nieleze tena tangu mwanzo."

Maji yalikauka siku ya sita. Majibu ya maabara yalisema daraja la kwanza. Hakuna mionzi kwa sasa. Kile kipande kilichobaki kitafuatwa kwa picha, baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kikianza kukua, kitapigwa mionzi. Jicho la kulia lilirudi karibu lote. La kushoto lilirudisha mwanga na vivuli, likaishia hapo.

Nywele zilipoanza kufunika kovu linalotoka sikio hadi sikio, alinitaka nimsindikize kwa meneja. Sikujua anataka kusema nini. Aliketi, akaweka mikono mezani.

"Nimekuja kusema kwamba kwa miaka mitatu nilikuwa nakagua bila pua. Ugonjwa ulinipofusha pua, hilo sikulitaka. Kuficha nilitaka mwenyewe."

Meneja alinitazama mimi. Nikasema nilijua. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema mimi nitaendelea kuosha madumu ila nisipande jukwaani tena, na yeye hawezi kumrudisha Bi Pua kwenye ukaguzi. Nilitegemea atalia. Alisema, "Sikuja kuuomba."

Kwa yule mjane tulikwenda kwa miguu, mwendo wa saa nzima, yeye ameshika bega langu upande wa jicho bovu. Tulimkuta anachambua kuni. Bi Pua akajieleza amesimama, akaomba msamaha. Mama yule alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mara ya nne," akasema, "nilirudi nyumbani nikayanywa mwenyewe lita zote, nione kama kweli yamechacha. Yalikuwa matamu. Nikajua una chuki na mimi. Nikajiuliza nimekukosea nini."

"Hukunikosea kitu."

"Ng'ombe nilimuuza." Akaendelea kuchambua kuni. Hakusema amesamehe, hakutufukuza. Alituletea maji ya kunywa, tukanywa, tukaondoka.

Hivi sasa ni mwaka wa tatu tangu upasuaji. Bi Pua anafundisha wafugaji kuosha na kukausha vyombo, anazunguka zizi hadi zizi na ndoo yake na burashi. Wengine bado wanamwita jina lile, naye huwaacha. Nyumbani kaka amefunga king'ora kidogo cha gesi juu ya jiko, na chakula kilichobaki huandikwa tarehe kwa chaki kwenye kifuniko. Hula bila raha. Anasema anatambua chumvi, sukari, uchachu, basi. Kuna siku hukasirika ghafla kwa jambo dogo, akatoka nje akasimama ukutani mpaka hasira imwishe.

Mwezi uliopita nilikwenda naye kwenye picha ya mwaka. Safari hii alibonyeza kipira mara mbili, wakamtoa, akapumua, wakamrudisha ndani. Daktari akapima kile kipande kwenye kompyuta: hakijaongezeka hata milimita.

"Vizuri sana," akasema. "Tuonane mwakani."

"Na mwakani?"

"Mwakani tutapima tena."

"Na mwaka unaofuata?"

"Vile vile, mama."

Alikunja kadi ya miadi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Tukatoka, tukamkuta kaka yangu kwenye benchi la nje anabishana na mlinzi kuhusu koki inayovuja, na Bi Pua akamwambia aiache koki ya watu, twende nyumbani.